Nyumba ya Kwa Sadala Yenye Komeo kwa Nje

Majengo,
Moshi.
Jumamosi, 14 Juni 2025.

Mpendwa Kaka Nurdin,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba joto la Maskati halijawachosha sana. Rukaya wa Shangazi ameniambia kuwa mgongo ulikusumbua Ramadhani nzima na ukatuficha. Usifanye hivyo tena. Nilikuwa nakulaumu moyoni kwamba umekuwa mkimya, kumbe ulikuwa kitandani.

Sisi huku hatujambo, Alhamdulillah. Idi tuliisali salama. Baridi imeingia ya kweli, mawingu yameshuka hadi kwenye migomba ya Rau na mlima hatujauona kwa siku kadhaa. Shemeji yako Fahad anakusalimu sana. Bado anatengeneza mafriji ya watu, ingawa kwa baridi hii hakuna anayekumbuka kuwa friji lake limekufa.

Mama presha yake imetulia, na mguu unamruhusu kutembea. Tatizo, kama unavyojua, ni kwamba unamruhusu kutembea. Kabla ya Idi alitoka kununua limau hapo dukani, akaonekana Njoro. Alimrudisha kijana wa duka la dawa aliyemfahamu. Alikuwa akiwauliza watu nyumba ya babu, ile iliyovunjwa hata wewe hujazaliwa. Alipofika nyumbani alinikaripia kwamba chai imepoa, kana kwamba mimi ndiye niliyechelewa.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu kwenye simu unakuwa na haraka, na mimi nikikatizwa nasahau nilipoanzia. Halafu Mama anakaa ubavuni kwangu muda wote, na mengine sipendi ayasikie. Rukaya anarudi huko Maskati keshokutwa, nimemwomba akupe barua mkononi. Nakuomba uisome yote kabla hujanipigia.

Najua umenikasirikia. Uliniambia nimekukosesha nyumba ya Kwa Sadala, na kwamba nyumba kama ile haipatikani mara mbili. Wiki hii nzima sikupokea simu zako vizuri, nikawa najibu kwa mkato. Sasa nakueleza yote.

Tangu uliponipa kazi ya kupekua nyumba mtandaoni, nimeona mambo, kaka. Watu wanapiga picha nyumba zao bila kuziangalia. Kuna nyumba ya Pasua ina choo cha kukalia jikoni, hatua chache kutoka kwenye jiko la gesi, wamekizibia pazia la maua. Kuna ghorofa moja lina mlango mzuri wa mninga juu kabisa, ukiufungua unaanguka chini, maana baraza haikujengwa. Kuna nyumba nyingine walijenga sebule wakaikuta nguzo ya umeme njiani, wakaizungushia ukuta hivyohivyo, sasa imesimama ndani kando ya televisheni. Hiyo Mama aliipenda kupita zote. Aliniuliza kama ndipo wanapomfunga mbuzi wa Idi.

Ikawa ndiyo starehe yetu baada ya chakula cha mchana. Namwekea simu mapajani, Fahad alimfundisha kukuza picha kwa vidole, na yeye anatafuta kasoro. Jina la jirani linampotea, lakini bomba lililowekwa kombo haliwezi kumpita. Nilikuwa nafurahi kumwona hivyo.

Ndipo wewe ukatuma ile ya Kwa Sadala. Na mimi niliipenda, sitakuficha. Vigae vyekundu, miparachichi uani, tanki la maji, msikiti si mbali, soko karibu. Uliandika chini ya picha: "Ukuta mrefu, geti moja. Hapa Mama hawezi kupotea." Nilimpa Mama aone. Alipitisha picha ya sebule, akapitisha ya jiko, akafika kwenye ya korido akakwama hapo. Akaikuza. Akaniambia, "Hawa wamemfungia nani?"

Nikamwuliza ana maana gani. Akanionyesha. Korido ilikuwa na milango mitatu ya kahawia. Miwili ilikuwa na vitasa vya kawaida. Wa tatu ulikuwa na komeo la chuma, kubwa kama la banda la ng'ombe, na lilikuwa upande wa nje, huku kwenye korido. Chini ya mlango huo ubao ulikuwa umekatwa, pengo la kutosha kupitisha sahani. Na sahani yenyewe ilikuwepo sakafuni, ya bati, na kikombe cha plastiki cha kijani. Aliyepiga picha nadhani hakuviona. Nikarudi kwenye picha ya nyuma ya nyumba. Madirisha yalikuwa na vioo, isipokuwa moja lililopigiliwa mbao.

Nilikutumia nikakuuliza. Utakumbuka ulivyonijibu kwa ujumbe wa sauti: "Nasrin, stoo zote zina komeo nje. Na Mama siku hizi anaona vitu visivyokuwepo." Nilinyamaza, kwa sababu na mimi nilitaka iwe stoo.

Lakini sikutulia. Nikampigia dalali, yule Bwana Mashaka uliyenipa namba yake. Akasema bila kufikiri, "Hiyo stoo ya mahindi, dada." Na sahani je? "Ya paka." Nikamshukuru. Jioni ile nilipofungua tangazo tena, picha zote zilikuwepo ila ya korido. Nikamwonyesha Fahad. Sahani inaweza kuwa ya paka, nikamwambia, lakini hakuna mtu anayefuta picha kwa ajili ya paka.

Wewe ukapiga kusema kuna mteja wa Arusha anaitaka na unataka kutuma malipo ya kwanza. Nikakuomba unisubiri niione kwa macho. Ulikubali kwa shingo upande, nilisikia.

Tulikwenda Jumanne kwa gari la kazi la Fahad. Mama tulikwenda naye, maana hatungeweza kumwacha peke yake. Mashaka alitupokea barabarani, akatupeleka. Geti lilifunguliwa na kijana anayeitwa Jacob. Alijieleza kuwa nyumba ni ya shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, na yeye ndiye msimamizi. Mrefu, mpole, shati limepigwa pasi, ila macho mekundu ya mtu asiyelala. Alimwamkia Mama vizuri, akamshika mkono kumpandisha ngazi. Kwa kweli nilimpenda.

Ndani kulikuwa kunanukia dawa ya sakafu, kali mpaka inawasha pua. Sebule safi. Jiko safi. Tukaingia koridoni.

Kaka, milango ilikuwa miwili. Pale ulipokuwa wa tatu palikuwa na kabati la nguo, kubwa, limebanwa ukutani.

Nilijitahidi sauti yangu iwe ya kawaida. Nikamwuliza Mashaka stoo iko wapi. Akasema, "Nyumba hii haina stoo, dada, ila unaweza kujenga." Alikuwa amesahau alichoniambia mwenyewe. Jacob akadakia kwamba labda Mashaka alimaanisha banda la nje, twende tukalione. Fahad alinitazama. Mama akasema amechoka, akakaa kwenye kiti cha koridoni, na Jacob alisita kidogo kabla ya kutufuata uani.

Nyuma ya nyumba nilitafuta dirisha lenye mbao. Palikuwa pameegemezwa mabua ya mahindi mpaka juu. Nilipopiga hatua kuelekea pale, Jacob alisimama mbele yangu. "Huko kuna siafu, dada." Alisema kwa upole, lakini hakunipisha. Nikatazama miguu yake, alikuwa na kandambili, na hakuwa akijikuna. Fahad akaanza kuuliza habari za tanki kwa sauti kubwa, nadhani alitaka tu kitu cha kusema.

Tuliporudi ndani tulimkuta Mama amesimama, shavu lake limegusa ubavu wa kabati, anazungumza taratibu kama mtu anayembembeleza mtoto. Alikuwa akisema, "Subiri, mama. Wanakuja." Mashaka alicheka akasema, "Bibi anaongea na kabati!" Jacob hakucheka. Alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa nguvu.

Na mimi nilifanya nini? Niliona haya. Mbele ya watu wasiotujua, Mama yangu anaongea na kabati. Nikamshika mkono, nikawashukuru, nikasema tutawajulisha. Tukatoka. Nikasikia geti likifungwa nyuma yetu, na mnyororo ukipitishwa.

Tulikuwa tumeanza kushuka kuelekea sokoni Mama aliposema, "Mmemwacha yule mama na kiu."

"Mama gani?" Fahad akauliza.

"Wa nyuma ya kabati. Ameniambia ana kiu. Ila kaambiwa hapewi maji mpaka wageni waondoke."

Fahad aliondoa mguu kwenye mafuta. Akasimamisha gari pembeni. Mama amesahau mengi, kaka, na mengine anayachanganya, lakini kila anachokichanganya kinatoka maishani mwake mwenyewe: nyumba ya babu, shule ya zamani, marafiki waliokwisha kufa. Hili la kunyimwa maji kwa sababu ya wageni halikutoka kwake. Hakuna mahali ambapo angelitoa.

Fahad akasema, "Tukirudi, na Mama akawa amekosea, tutaitwa wezi hapa."

Nikamwambia, "Na tusiporudi, na Mama akawa amepatia?"

Niliogopa. Tulikuwa ugenini, hatumjui mtu. Niliiona nyumba yako ikituponyoka kwa maneno ya mgonjwa. Na niliwaza yule kijana atafanya nini akigundua tunajua. Hayo yote yalinipitia tukiwa tumesimama kando ya barabara na malori yanapita.

Pembeni palikuwa na mama anauza ndizi. Nikashuka, nikanunua mkungu mdogo, nikamwuliza kama anaijua nyumba ya ukuta mrefu. Akasema ni ya Bibi Elisifa, mjane wa mwalimu, lakini hayupo. Jacob alimpeleka Mwanza kwa Doris, binti yake wa pekee, tangu masika hayajaanza. Nikauliza nani alimwona akipanda gari. Akafikiri. Akasema yeye hakumwona. Akaacha kupanga ndizi zake akanitazama, na yeye ndiye aliyetupeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Mwenyekiti ni mzee mmoja anaitwa Kornel, ana karakana ya useremala hapo nyuma ya soko. Nilimweleza kwa haraka, nikamwonyesha picha ya korido iliyobaki kwenye simu yangu. Nilitegemea atatucheka. Akamgeukia Mama akamwuliza kwa heshima aliyesema naye alijiitaje. Mama akamjibu, "Jina hakuniambia. Aliniambia kiu." Mzee Kornel akavua aproni. "Mumewe nilimtengenezea jeneza mimi," akasema. "Na ukuta ule napita kando yake kila siku."

Tuligonga geti muda mrefu. Mashaka alikuwa ameshaondoka. Mwishowe Jacob akafungua, ufa tu, mnyororo ukiwa bado umeshika.

"Mzee, wageni wameshatoka."

"Wamerudi, niko nao. Fungua, Jacob."

"Kuna nini?"

"Shangazi yako yuko wapi?"

"Yuko Mwanza, mzee. Si nilikuambia."

"Basi mpigie Doris hapa, niwasalimie wote wawili."

Simu ilikuwa mkononi mwake. Aliitazama. Hakuibonyeza. Nilikuwa namwomba Mungu ama nyumba ile iseme kitu, ama inyamaze moja kwa moja nirudi kwetu. Ilikuwa kimya. Jacob akaanza kusukuma geti.

Mama akapita chini ya mkono wa Fahad, akaweka mdomo kwenye ule ufa, akaita kwa sauti ambayo sijamsikia akiitoa tangu tukiwa wadogo: "Mama! Tumerudi!"

Ndani kitu kikagonga mbao. Kikagonga tena.

Jacob aliutoa mnyororo mwenyewe. Kisha akakaa chini kwenye ngazi, akaweka funguo kando yake, akajifunika uso.

Fahad na Mzee Kornel walilisukuma kabati. Komeo nililivuta mimi. Lilikuwa limepakwa mafuta, likateleza bila sauti. Kulikuwa na giza na harufu nzito, kona moja ina ndoo yenye mfuniko. Bibi Elisifa alikuwa kitandani, ameshika mwiko aliogongea mlango, mwembamba mpaka nikaogopa kumgusa. Lakini kaka, shuka lilikuwa safi. Nywele zake zilikuwa zimesukwa mistari iliyonyooka, na kucha zimekatwa. Alimtazama Mzee Kornel akamwuliza kama mwalimu ametoka shuleni. Mzee wa watu akageukia ukutani.

Mama ndiye aliyemnywesha. Alikaa kitandani naye kana kwamba wamejuana miaka, akamshikia kikombe. Yule bibi alikunywa, akasema "aika", akanywa tena, akasema "aika" tena. Hiyo asante ya Wachagga hata Mama anaijua. Akamjibu, "Haya, kunywa, usiseme."

Habari ilitutangulia sokoni, maana nilipotoka nje geti lilikuwa limejaa watu. Vijana wengine walikuwa na fimbo. Walikuwa wakisema Jacob atolewe wamfunze adabu, na mmoja alishamkamata ukosi wa shati. Jacob hakujitetea. Alikuwa akisema, siyo kwa kelele, kama anajisemea mwenyewe:

"Mnadhani nilianza na komeo? Nilianza na kumfuata. Akitoka namfuata. Nimemtoa kwenye mfereji, nimemtoa mbele ya lori, kazi yangu ikanipotea. Ndiyo nikafunga geti. Akapanda ukuta akaanguka. Nikafunga mlango wa mbele. Akavunja kioo kwa mikono. Komeo lilikuja mwisho."

"Na ulituambia yuko Mwanza!" mama wa ndizi akampigia kelele.

"Ningewaambia nini? Kwamba nimemfungia shangazi aliyenilea?"

Fahad na Mzee Kornel walisimama mbele yake, lakini wale walikuwa wengi, na niliona wazi kwamba fimbo ya kwanza ikishuka hakuna atakayeizuia ya pili. Hapo Bibi Elisifa akatokea mlangoni, amemwegemea Mama, macho ameyafinya kwa sababu ya mwanga. Aliwatazama watu wote wale bila kushtuka. Akauliza, "Jacob wangu yuko wapi? Hajala tangu asubuhi."

Aliyeshika ukosi wa shati akauachia. Mwingine akaweka fimbo nyuma ya mgongo wake, kama mtoto. Hakuna aliyempiga.

Polisi walikuja wakamchukua Jacob kwa maelezo, na afisa ustawi wa jamii akampeleka bibi hospitali, akatundikiwa dripu. Mzee Kornel akampigia Doris. Nilimsikia yule dada akilia kwenye simu. Alijua nyumba inauzwa, ndiye aliyemwambia Jacob auze kisha amlete mama Mwanza. Komeo hakulijua. Alikuwa akitumiwa picha za mama yake amekaa chini ya mparachichi, anatabasamu, picha za zamani zote, na matumizi alikuwa akituma bila kukosa. Alikuwa akirudia tu, "Lakini mimi nilikuwa natuma. Kila mwezi nilikuwa natuma."

Alifika kesho yake. Alhamisi, bibi akiwa ameshatolewa hospitali, nilirudi na Mama kuwajulia hali nyumbani, tukachukua machungwa. Tangazo limeondolewa, ukoo umesema nyumba haiuzwi mama akiwa hai. Komeo Mzee Kornel amelibandua kwa mikono yake. Jacob polisi wamemwachia kwa dhamana, na kesi yake sijui itaishaje. Kilichonishangaza ni kwamba alikuwepo pale. Doris alisema hawezi kumtazama usoni, lakini bibi alikataa kuogeshwa na mtu mwingine, alipiga makelele siku nzima mpaka wakamwita. Kwa hiyo Jacob huja asubuhi kumwogesha shangazi yake, Doris akiwa amesimama mlangoni anaangalia inavyofanywa, na hawasemezani.

Nilimwuliza Doris amepewa likizo mpaka lini. Akasema hahesabu siku.

Sasa nije kwetu, kaka. Jana umenitumia nyumba nyingine. Ukuta wake ni mrefu kuliko wa ile, juu wamepanda vipande vya chupa, na umeandika kwamba geti lake ni imara zaidi, tutafute na dada wa kazi tumkabidhi ufunguo. Niliitazama vizuri na Mama pia aliitazama. Hatukuona kasoro yoyote. Ni nyumba nzuri.

Siitaki. Nisamehe kwa kukujibu hivi, wewe ni mkubwa wangu na umebeba nyumba hii tangu Baba alipofariki, hakuna anayelisahau hilo. Lakini nimemsikia Jacob akieleza alivyofika kwenye komeo, na alianza na geti. Yule kijana hakuwa mnyama. Alikuwa peke yake.

Mimi bado namfuata Mama. Akivaa viatu, na mimi navaa. Tunakwenda mpaka anapotaka, anauliza nyumba ya babu, tunaitafuta, akichoka tunarudi. Cherehani inanisubiri, wateja wananinung'unikia, na Fahad anavumilia kula chakula kilichopoa. Naweza kuendelea hivyo kwa muda. Sijui ni muda gani, na hilo ndilo linalonitisha kuliko yote niliyoyaona Kwa Sadala.

Hicho ulichokuwa unakiweka kwa ajili ya nyumba, nunulia tiketi. Njoo wewe. Kama kazini hawakuruhusu kukaa, njoo kwa kipindi utakachopewa, ukiondoka aje wifi na watoto wakati wa likizo ya shule, tupokezane. Shangazi naye amesema yuko tayari kushika zamu yake, ila anataka asikie kutoka kwako kwamba ndivyo tulivyokubaliana. Nyumba hii ya Majengo inatutosha. Inavuja upande wa jikoni tu, na Fahad ameshapanda kuangalia.

Nisalimie sana wifi na wanangu wote, mwambie mdogo kwamba bibi yake anamwita kwa jina la Baba, asishangae akilisikia. Fahad anakusalimu, Shangazi anakusalimu, na yule kijana wa duka la dawa naye ameniagiza salamu, anasema ulisoma na kaka yake. Mwenyezi Mungu akupe afya ya mgongo na akufungulie njia ya kuja.

Leo asubuhi nilimwuliza Mama nimwandikie Nurdin nini. Jina langu mimi lilimpotea tangu juzi, ananiita dada. Lako alilijua palepale, akaniuliza, "Nurdin amefika?" Nikamwambia bado. Njoo, kaka, wakati bado anaweza kuuliza.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukungoja,

Nasrin